Simu Yako Imehudhuria. Wewe Je?

Leo naweka kando habari za simu mpya na programu mpya. Nataka tuongee kuhusu jambo ambalo halinunuliwi dukani: kuwa hapa. Yaani kukaa mahali ulipo, ukifanya unachofanya, na mtu uliye naye, bila akili yako kuwa imeshafika Ijumaa ijayo au imebaki kwenye ugomvi wa Jumatatu iliyopita.

Wengi wakisikia maneno haya hudhani ni mambo ya watu wenye nafasi, wale wanaokaa mkekani wamefumba macho huku ubani unafuka pembeni. Mimi ni mtengenezaji wa programu, si mwalimu wa kutafakari, na maoni yangu ni tofauti kidogo. Naona kuwa hapa ni suala la mipangilio. Akili yako siku hizi inaendeshwa kwa mipangilio ambayo hukuichagua. Iliwekwa na watu wa kazi kama yangu, wakiwa ofisini, wakitimiza malengo ya kampuni fulani. Uzuri wa mipangilio ni mmoja: inabadilishwa.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kina neno zuri sana, kuhudhuria. Shuleni mwalimu alikuwa na daftari la mahudhurio. Aliita jina, ukaitikia, akatia alama. Lakini sote tunajua kwamba alama ile ilipima mwili tu. Kuna mtoto aliyeitikia vizuri kabisa kisha akakaa kipindi kizima akitazama ng'ombe nje ya dirisha. Ndugu zetu Waislamu nao husema kwamba katika swala moyo unatakiwa uhudhurie, kwa sababu mtu anaweza kurukuu na kusujudu ilhali hesabu zake ziko dukani. Hiyo ndiyo maana ninayoitaka leo: mwili umehudhuria, moyo umetoroka.

Je, moyo hutoroka kiasi gani? Kuna watu waliopima. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walichapisha matokeo yao katika jarida la Science. Walitengeneza programu ya iPhone iliyowashtua watu wazima 2,250 kwa nyakati zisizotabirika mchana kutwa na kuwauliza maswali mafupi: unajisikiaje sasa hivi, unafanya nini, na je, unawaza jambo jingine mbali na hilo unalofanya? Katika asilimia 46.9 ya majibu, watu walikuwa wakiwaza jambo jingine. Karibu nusu ya saa zao za kuwa macho! Tena waligundua kwamba watu walikuwa na furaha kidogo zaidi pale akili ilipotangatanga, na kwamba kile ulichokuwa ukiwaza kilieleza furaha yako vizuri kuliko kile ulichokuwa ukifanya.

Angalia vizuri mwaka huo. Ni 2010. Wengi wetu hapa Kenya hatukuwa na simu za kugusa, na makundi ya WhatsApp hayakuwepo kabisa, yalikuja 2011. Kwa hiyo sitaki kusingizia simu kwa kila kitu. Akili ya binadamu ilikuwa mzururaji tangu enzi za mababu. Kilichobadilika ni kwamba sasa mzururaji huyu amepewa pikipiki na tangi la mafuta limejaa.

Prosesa ina adabu kutuliko

Niruhusuni nieleze kidogo jinsi tarakilishi inavyofanya kazi, maana mfano huu umenisaidia kuliko mahubiri yoyote.

Ndani ya tarakilishi kuna prosesa. Prosesa hufuata amri moja baada ya nyingine. Ukibonyeza kitufe cha kibodi, kibodi hutuma ishara ambayo sisi tunaiita mkatizo. Prosesa huacha ilichokuwa ikifanya, huandika mahali ilipofikia, humhudumia mgeni, kisha hurudi pale pale ilipoachia na kuendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Kazi yote hiyo huchukua mikrosekunde chache.

Binadamu naye hukatizwa hivyo hivyo, ila hana mahali pa kuandika alipofikia. Unasoma mkataba wa nyumba, simu inalia kwa sababu mtu ametuma picha ya sufuria ya ugali kwenye kundi, unatazama, unacheka, unarudi kwenye mkataba. Umerudi, lakini hukurudi wote. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy aliandika kuhusu mabaki ya umakini: mtu akiacha kazi kabla haijaisha na kuingia nyingine, sehemu ya akili hubaki kwenye ile ya kwanza, na kazi ya pili huharibika. Wazee wetu hawakuhitaji jarida kulijua hilo. Walisema mshika mbili moja humponyoka.

Sasa hapa ndipo penye somo. Wanaounda mifumo endeshi wanajua kwamba mikatizo ni hatari pale kazi nyeti inapofanyika. Kwa hiyo prosesa inaruhusiwa kuiziba kwa muda. Wageni wote husubiri mlangoni mpaka kazi nyeti imalizike. Lakini kuna mkatizo mmoja usiozibika, ule unaotumwa kwa mambo mazito kama hitilafu ya kumbukumbu ya mashine. Huo hupita wakati wowote.

Yaani mashine ina utaratibu wa kutofautisha mgeni wa kawaida na nyumba kuungua. Je, simu yako inatofautisha? Kampuni ya kamari inayokuambia leo ni siku yako, na mama anayepiga kusema baba amelazwa, wote wanapita mlango mmoja na pengine kwa mlio mmoja. Hilo ndilo linaloniuma.

Haikutokea kwa bahati

Msidhani mambo haya yalijipanga yenyewe. Ule ukurasa usiokuwa na mwisho, unaoteremka na kuteremka, una mwenyewe: Aza Raskin aliubuni mwaka 2006, na baadaye alisema hadharani kwamba anajutia matumizi yake. Ile ishara ya kuvuta ukurasa chini ili habari mpya zije ilitoka kwa Loren Brichter katika programu yake ya Tweetie, mwaka 2009. Vuta, subiri kidogo, tazama umepata nini. Mwaka 1957 wanasaikolojia Ferster na Skinner walichapisha kitabu kikubwa kuhusu wanyama na zawadi. Walionyesha kwamba njiwa anayepewa punje kwa nyakati zisizotabirika hudonoa kitufe kwa bidii kuliko yule anayejua punje itatoka lini. Huo ndio mtego wa mashine za kamari. Ni mtego huo huo ukivuta ukurasa.

Hata ruhusa ya kukupigia kengele haikuwa yako. Kwenye Android, kwa miaka mingi programu uliyoiweka ilipata ruhusa ya kutuma arifa papo hapo bila kukuuliza. Ni Android 13, iliyotoka 2022, ndiyo iliyoanza kuilazimisha programu mpya ibishe hodi kwanza. Basi kama umekuwa na simu kwa muda na hujawahi kuingia kwenye mipangilio ya arifa, ujue kuna watu wanaishi nyumbani kwako ambao hukuwakaribisha.

Dawa inayouzwa mara nyingi ni programu nyingine. Zipo za kutafakari kama Headspace na Calm, na sizidharau, kuna watu zimewasaidia. Lakini nyingi ya programu za namna hii nazo hutuma arifa za kukukumbusha utulie, na huhesabu siku ulizofululiza ili uone uchungu kuikosa moja. Kukatizwa ili ukumbushwe usikatizwe! Mimi nasema anza na vitu vya bure kwanza.

Mazoea saba yasiyogharimu senti

1. Ziba mikatizo, acha milango miwili. Ingia kwenye mipangilio, fungua orodha ya arifa, na uzime zote. Kisha rudisha zile ambazo binadamu anakutafuta wewe binafsi, pamoja na zile za pesa zako, kwa mfano ujumbe wa M-Pesa. Swali la kuuliza kwa kila programu ni moja: je, kuna mtu upande wa pili anayenisubiri? Kama ni mashine inayojipigia debe, zima. Makundi nayo yanyamazishe. Tangu 2020 WhatsApp inakuruhusu kunyamazisha kundi daima, na hakuna mwanakundi atakayejua. Kundi la chama, la harusi, la waliomaliza shule pamoja, yote utayakuta pale pale ukiyahitaji.

2. Panga saa za kuchungulia. Mwaka 2015 Android 6.0 ilileta hali ya kusinzia: simu ikiwa imelala mezani bila chaji na kioo kimezimwa, programu huzuiwa kufanya kazi zao kila mara. Badala yake mfumo hufungua dirisha fupi baada ya muda, zote zinafanya kazi zao pamoja, kisha dirisha linafungwa. Betri inapona. Ikiwa simu imepewa hekima hiyo, mwenye simu je? Chagua saa zako, tuseme saa nne asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni. Soma, jibu, funga.

3. Kitu kimoja kwa siku kifanye kwa moyo wote. Kimoja tu. Mtawa wa Kivietinamu Thich Nhat Hanh, aliyefariki 2022, alipenda kutumia mfano wa kuosha vyombo: osha kana kwamba hiyo ndiyo kazi pekee duniani. Wewe chukua chai ya asubuhi. Sikia joto la kikombe, harufu ya tangawizi, tamu yake. Akili itatoroka kabla hujafika nusu. Isikutie hasira. Ukigundua imetoroka, irudishe. Kule kuirudisha ndiko zoezi lenyewe, kama vile kunyanyua chuma ndiko hujenga msuli.

4. Simu iwe na mahali pake. Nyanya yangu ana kabambe, simu ndogo ya vitufe. Mgeni akiingia, anaiweka juu ya kabati kando ya redio na kukaa. Siku moja ililia tukiwa tunakula, nikainuka kumletea. Akaniambia, "Keti ule, mjukuu wangu. Mwenye shida atapiga tena." Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, wakiongozwa na Adrian Ward, waliwapa watu mitihani ya umakini simu zao zikiwa kimya: wengine simu mezani, wengine mfukoni au kwenye begi, wengine chumba kingine. Wa chumba kingine walifanya vizuri kuliko wa mezani. Tafiti za baadaye hazikupata tofauti hiyo kila mara, ila kujaribu hakugharimu kitu. Nyanya na kabati lake wana miaka mingi kwenye utafiti huu.

5. Pumzi tatu kabla ya kufungua simu. Mkono ukishaigusa, simama. Vuta pumzi, toa, mara tatu. Kisha jiulize: nimefuata nini humu? Ukiwa na jibu, ingia, chukua ulichofuata, toka. Ukikosa jibu, rudisha simu mfukoni. Zoezi hili ni dogo mno hata linachekesha, lakini ndilo linaloonyesha ni mara ngapi mkono huenda wenyewe.

6. Salimia kikamilifu. Sisi tuna utajiri hapa na tunaumwaga. Hujambo, habari za nyumbani, watoto wazima, wazee wanaendeleaje? Salamu za Kiswahili zina hatua nyingi, na kila hatua hukupa nafasi ya kumtazama mtu usoni na kuona kama "nzuri" yake ni nzuri kweli. Siku hizi tunaitikia macho yakiwa kwenye kioo. Mlinzi wa langoni, mama wa mboga, kondakta, wape salamu nzima. Ni nusu dakika. Na ukiwa ndani ya matatu jaribu safari moja bila kioo, utazame nje tu. Faida ya ziada: hakuna wa kukunyakulia simu dirishani.

7. Funga siku kwa karatasi. Kabla ya kulala, andika mambo ya kesho kwa kalamu. Mwaka 2018 Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor na wenzake walichapisha utafiti wa watu 57. Walioandika kwa dakika 5 orodha ya mambo ya kufanya walipata usingizi haraka kuliko walioandika mambo waliyokwisha kuyafanya. Kwa lugha ya prosesa, umeandika ulipofikia. Sasa unaweza kuondoka.

Na kwa wanaofanya kazi za kichwa mchana kutwa, kuna ile mbinu ya Francesco Cirillo, aliyekuwa mwanafunzi Italia mwishoni mwa miaka ya 1980. Alichukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, akajipa dakika chache za kusoma bila kukatizwa. Leo wengi hutumia dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika. Kwa hiyo dunia nzima inafuata nyanya wa Kiitaliano ilhali wetu tunaye hapa nyumbani na kabati lake!

Lakini simu ndiyo kazi yangu

Najua kuna anayesoma haya akitikisa kichwa. Mwenye bodaboda asipopokea simu abiria anachukuliwa na mwingine. Mama wa mboga anapokea oda kwa WhatsApp. Kijana anayesubiri kuitwa kazini hawezi kuzima chochote. Ni kweli kabisa, na ushauri wowote unaomwambia mtu wa namna hiyo azime simu ni ushauri wa mwenye mshahara.

Ndiyo maana sikusema zima simu. Nimesema tenganisha milango. Wateja wape mlio wao, familia mlio wao, na wengine wote wakae kimya. Mwenye bodaboda anahitaji kusikia abiria, hahitaji kusikia tangazo la mkopo. Ukweli ni kwamba mtu ambaye riziki yake iko kwenye simu ndiye anayeumizwa zaidi na kelele za bure, kwa sababu hawezi kupuuza mlio hata mmoja. Kila mlio ni lazima atazame. Tajiri anaweza kuiacha ikalia.

Jambo la pili la kusema ukweli: kuna wakati kuwa hapa hakupendezi. Kodi ya nyumba haijapatikana, mtoto karudishwa kutoka shuleni kwa karo, na simu ni mahali pa kujificha kidogo. Simlaumu mtu. Ila nimeona kwamba tatizo ukilitazama kwa dakika 10 ukiwa na karatasi hupungua ukubwa, na ukilikimbia kwa saa 3 kwenye video fupi huwa linakusubiri kitandani. Kuwa hapa hakulipi kodi. Kunakupa kichwa cha kutafuta namna ya kuilipa.

Kwa watengenezaji wenzangu

Mwisho niseme na watu wa kazi yangu. Mwaka jana tulikuwa na kikao cha mradi wa programu ya kuweka akiba. Mwenye mradi alitaka mtumiaji apate arifa tatu kila siku. Nikamuuliza, mtu akiifungua ile ya saa nne asubuhi, atakuta nini cha kufanya? Akajibu, "Ataona kwamba tupo." Tulibishana karibu saa nzima, mwishowe tukaafikiana arifa moja kwa siku. Kwangu bado ni nyingi, maana akiba haiwekwi kila siku. Hata hivyo, arifa mbili kwa siku kwa kila mtumiaji hazikutumwa, na hakuna atakayewahi kujua zilizuiwa na nani.

Naandika haya kwa sababu tunapenda kuwaambia watumiaji wajizuie, kana kwamba mzigo wote ni wao. Upande wao kuna mtu mmoja aliyechoka, saa mbili usiku. Upande wetu kuna timu nzima yenye takwimu na vikao. Mchezo huo si wa haki. Kabla hujaandika mstari wa kutuma arifa, uliza kama wewe ungekubali mtu aje abishe mlango wako kwa jambo hilo. Kama hungekubali, sema kikaoni. Sauti moja mezani inaweza kuwanyamazishia watu elfu kumi kengele.

Na wewe msomaji, usianze mazoea saba kesho. Utashindwa Jumatano na kuacha yote. Chagua moja. Mimi ningekushauri lile la kwanza, kwa kuwa ukilifanya leo linaendelea kukusaidia hata siku ambazo umesahau. Fungua mipangilio, ingia kwenye arifa, anza kuzima. Dakika 10 zinatosha.

Halafu weka simu juu ya kabati, ukale na watu wako.

Wasalaam.